Kiatu Kilichokosa Mshtaki

Mguu wa kushoto wa mjukuu wangu ulikuwa hauna habari na dunia. Alizaliwa na kidonda mgongoni, madaktari wakakifunga angali mchanga, akapona, akakua, akajua kusema mapema kuliko wenzake. Lakini kuanzia goti la kushoto kushuka chini hakuna alichohisi. Ungeweza kumkanyaga ukasimama hapo hapo, naye akaendelea kukusimulia habari za mwalimu wao na paka wa jirani. Kwa maneno yake hayo mengi tulimwita Chiriku.

Mama yake ni binti yangu wa pili. Anafanya usafi kwenye jengo la ofisi, anatoka watu hawajaamka, kwa hiyo miguu ya Chiriku ilikuwa kazi yangu. Kila jioni nilimvua kiatu, nikaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha, nikatazama kisigino, wayo, katikati ya vidole, na ule mfupa wa ndani wa kifundo uliokuwa umechomoza kama kokwa. Mimi na wewe kiatu kikibana tunaambiwa na maumivu. Mtoto yule hakuwa na wa kumwambia, ilibidi tumwambie sisi.

Daktari alinikalisha chini mapema. "Bibi," akasema, "mguu huu ukipata kidonda, na kidonda kikafika kwenye mfupa, tutaukata. Sikutishi. Nakwambia ujue umebeba nini."

Nikajua nimebeba nini.

Viatu vyake vilitengenezwa kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali, ubavuni mwa chumba cha kufulia mashuka. Ukikaa kwenye benchi la wanaosubiri, upande huu unasikia sabuni, upande ule unasikia gundi na ngozi. Mguu wa mtoto unakua, kiatu hakikui, kwa hiyo benchi lile nililikalia mpaka mafundi wakanizoea kama mlango.

Mkuu wao alikuwa Mzee Gundi. Aliitwa hivyo kwa vidole vyake, maana gundi ilikuwa imekaukia humo miaka na miaka, akikupa mkono unadhani umeshika gome la mti. Fundi Chuma alikunja vyuma vya kushikilia miguu, mtu mkubwa, mwingi wa utani. Dada Plasta ndiye aliyechukua vipimo, anaufunga mguu plasta mpaka anapata umbo lake. Na ngozi ilishonwa na mwanamke mmoja mwembamba, miwani imefungwa kamba, ambaye kila neno lake lilianza na hapana. Ukimwambia habari za asubuhi, anakujibu hapana, si nzuri sana, goti linauma. Wakamwita Mama Hapana, naye akaitika.

Watu wale walikuwa na desturi yao ambayo sijaiona kwingine. Kiatu kipya hakikuvaliwa kabla ya kushtakiwa. Kilipokwisha kushonwa, kiliwekwa katikati ya meza, wote wanne wakaacha kazi wakakizunguka. Kila mmoja alitia mkono ndani, macho amefumba, akapapasa, kisha akatoa shtaka lake: kiatu hiki kina kosa gani. Ilikuwa ni lazima uwe na shtaka, na lisiwe la mwenzako. Aliyekitengeneza hakuruhusiwa kujibu mpaka wote wamalize. Mzee Gundi alisema mwisho. Nilimuuliza mbona yeye mkuu anakuwa mwisho, akaniambia, "Nikianza mimi, hawa watabaki kuitikia tu, kama watoto wa darasani."

Chiriku aliyapenda mashtaka yale kuliko peremende. Nakumbuka siku ya chuma. Mguu ulikuwa unaning'inia, ncha ya kiatu inaburuta, mtoto anajikwaa. Fundi Chuma akatengeneza chuma chenye springi cha kuunyanyua, akakiweka mezani, akakunja mikono kama bwana harusi.

"Nakishtaki kwa uzito," akaanza Dada Plasta. "Mtoto mwenyewe mwepesi kama ungo, nyinyi mnamfunga nondo."

Mama Hapana akafumba macho, akapapasa. "Hapana. Hii springi itakula soksi. Ikimaliza soksi itakula ngozi."

"Soksi za nani, zako?" Fundi Chuma akadakia.

"Mshtakiwa hana mdomo," akasema Mzee Gundi.

"Mshtakiwa ni kiatu, mzee. Mimi ni baba yake."

"Basi na baba yake anyamaze."

Chiriku akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpige mgongoni.

"Tena kinalia," Mama Hapana akaendelea, hana haraka. "Mtoto atakuwa anaingia darasani kama geti linafunguliwa. Afadhali ungemfunga dumu la maji mguuni, lingekuwa jepesi."

Alisema kwa kejeli. Lakini Mzee Gundi aligeuka akalitazama dumu lililokuwa mlangoni, la maji ya kukorogea plasta, na Fundi Chuma akainuka kwa hasira, kwenda kuonyesha kwamba haiwezekani. Akalikata, akakipasha moto kipande chake, akakilaza juu ya umbo la plasta la mguu wa Chiriku. Kikakaa. Kilipopoa kilikuwa na umbo la mguu wenyewe, chepesi, kigumu, hakina springi. Dada Plasta akasema mtoto atatoka jasho humo, wakatoboa matundu. Mama Hapana akasema kingo zitakata, wakazikunja na kuzivika ngozi. Wakagombana mpaka chai ikapoa. Tangu hapo watoto wengi wa mguu kama ule walitengenezewa vile. Ukimuuliza Fundi Chuma atakwambia wazo lilikuwa lake, ukimuuliza Mama Hapana atakwambia ni lake. Mimi nilikuwepo. Halikuwa la mtu, lilitoka pale katikati ya meza.

Kisha akaja msimamizi mpya. Kijana mwenye adabu zake, anabisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi, ananisalimia shikamoo bibi kila akipita. Siwezi kumsema vibaya. Yeye ndiye aliyesema kazi nzuri kama hii inafichwaje nyuma ya chumba cha kufulia. Akapiga picha kile kipande cha dumu, akaunda kundi la simu, akawaingiza mafundi wetu, mafundi wa karakana nyingine za miji ya mbali, madaktari, wafadhili, na wazazi waliotaka. Binti yangu akaingia. Picha ile ikapata mioyo na makofi usiambiwe. Haukupita muda mrefu ngozi nzuri ikaletwa, cherehani mpya ikaletwa. Mzee Gundi alikuwa ametengeneza viatu tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Nilimwona akivaa miwani, akisoma jina lake kwenye simu, midomo inachezacheza.

Basi msimamizi akaona kwamba hata mashtaka yangefanyika humo humo. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanatoka mbali, na mafundi wanakaa kugombania kiatu kimoja. Kiatu kipigwe picha, kiwekwe kwenye kundi, mwenye neno aandike, kazi iendelee. Tena wale wa miji mingine nao watachangia, vichwa viwe vingi zaidi. Ilionekana ni busara. Hata mimi niliona ni busara.

Lakini Mzee Gundi, ambaye mezani alikuwa wa mwisho, kwenye simu alikuwa wa kwanza, maana ilikuwa haimtoki mkononi. Picha ikiingia tu, gumba lake la kukubali liko juu. Na mkuu akishaweka gumba, nani ataandika kwamba kisigino kimekaa vibaya? Dada Plasta anaweka gumba, Fundi Chuma anaweka makofi, wa mbali nao wanafuata. Mama Hapana peke yake ndiye aliyeendelea na yake. Siku moja binti yangu alinisomea.

"Hapana," alikuwa ameandika. "Ulimi wa kiatu mfupi, kamba zitamkata."

Chini yake mtu wa mji mwingine akajibu, "Dada, humu tunajengana, hatubomoani." Na jibu hilo likapata mioyo mingi kuliko kiatu.

Msimamizi akamwita pembeni, kwa adabu ile ile. "Mama yangu, humu wamo wafadhili. Ukiwa na neno, niambie mimi, nitalifikisha." Akawa anamwambia. Naye nadhani alilifikisha. Lakini neno likisemwa pembeni linakuwa na mtu mmoja, halina wa kulipinga wala wa kuliongezea. Fundi Chuma alikosa wa kumkasirisha, akaacha kuinuka kwenda kuonyesha kwamba haiwezekani.

Ndipo Dada Plasta naye akashika sindano, akashona kiatu chekundu chenye ua ubavuni, palepale kwenye kifundo, la uzi wa rangi mbili. Kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Kilimfanya mtoto aonekane kama amevaa kwa kupenda wala si kwa shida. Picha ile ilitembea mpaka kwa watu ambao hata hawana mtoto mgonjwa. Kuanzia hapo karakana nzima ikawa ya maua. Kilichotengenezwa kikiwa na ua kilipigiwa makofi, kisicho na ua kilipita kimya, na mafundi nao ni binadamu, wakaenda kulikokuwa na makofi. Karakana za miji mingine nazo zikaiga. Mguu mfupi, ua. Mguu uliopinda, ua.

Mama Hapana akaondoka. Nilimkuta anakusanya sindano zake kwenye kopo.

"Unaenda wapi na sisi tunakutegemea?" nikamuuliza.

"Hapana, mama, hamnitegemei. Humu ndani siku hizi mimi ni mtu mwenye roho mbaya tu. Nimepata kibanda pale sokoni, nitashona mabegi ya shule. Begi likimbana mtoto litamwambia mwenyewe."

Fundi Chuma alisimama karibu, akijifanya anatafuta koleo. Nilidhani atamtania. Akaliokota koleo, akarudi kwenye kona yake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mguu wa Chiriku ulikuwa umeongezeka, kiatu cha zamani hakiingii. Naye alikuwa ameshaona ua kwenye simu ya mama yake. Alilitaka mpaka akaliota.

Tulipokwenda kukichukua, kiatu kilikuwa juu ya meza na meza haikuwa na mtu. Kila mmoja alikuwa kwenye kona yake.

"Mbona hamkai?" nikauliza.

"Tumeshakaa, bibi," akasema Fundi Chuma. "Tumekaa kwenye kundi. Kiatu cha mjukuu wako kimependwa mpaka nje ya mipaka."

"Na shtaka?"

"Shtaka hakuna. Kimepita."

"Mkono umeingia?"

Akanionyesha simu. "Picha zipo za pande zote, bibi. Mbele, nyuma, juu, mpaka chini ya soli."

"Ndani?"

Akacheka kidogo, akamtazama Mzee Gundi. Mzee alikuwa ameinamia simu yake. "Ni kizuri, mama," akasema, bila kuinua uso. "Usiwe na wasiwasi."

Nikatia mkono wangu mwenyewe. Mkono wangu ni wa kulima na kupika. Uligusa bitana laini kama shavu, ukaridhika. Chiriku akavaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akisema na kila mtu, akaomba apigwe picha. Akapigwa.

Nadhani ilikuwa wiki ya pili ya shule jioni moja nilipouona ule mfupa wa kifundo una kitu. Ngozi yetu haiwi nyekundu kama za vitabuni. Palikuwa na weusi uliokoza, kama alama ya kidole chenye masizi, na juu yake panang'aa. Nikausugua kwa kitambaa cha maji, haukutoka. Mama yake aliporudi kazini nikamwonyesha. Akapiga picha, akaiweka kwenye kundi, akauliza.

Majibu hayakuchelewa. Wa kwanza alikuwa fundi mmoja wa mji wa mbali mwenye sifa kubwa humo ndani. Akaandika kwamba ngozi inazoea kiatu kipya, apakwe poda, aendelee kuvaa ili izoee. Mzee Gundi akaweka gumba. Kisha yakaja magumba mengine, moja juu ya lingine.

"Mama, hata daktari mmoja ameweka," binti yangu akaniambia, na nikaona mabega yake yameshuka. Alikuwa amesimama tangu aliporudi, ndipo akakaa.

"Avae kile cha zamani, nikikate vidoleni, mpaka tuone," nikasema.

"Cha zamani hakimtoshi. Na shuleni watamcheka."

"Basi akae nyumbani."

"Mama." Alisema polepole, kwa heshima, kwa sababu alikuwa amechoka. "Wote hao wakosee, wewe ndiye upatie?"

Kweli, mimi ni nani? Nilifika darasa ambalo watu wanajifunza kuandika barua, nikatolewa. Na alama yenyewe ilikaa vilevile, haikuchubuka, haikutoa maji. Siku nyingine niliona kama imepungua. Nikapaka poda.

Lakini roho haikutulia. Jumamosi moja nikambeba Chiriku mgongoni, mkubwa wote ule, tukaenda sokoni kutafuta kibanda cha mabegi. Mama Hapana alikuwa ameinamia zipu. Chiriku alikuwa amelala begani kwangu. Yeye, kulala mchana, sokoni, katikati ya watu.

"Hapana, huyu mtoto hajawahi kunyamaza hivi," akasema Mama Hapana.

Akamvua kiatu. Hakuitazama ile alama. Aliweka mgongo wa mkono wake kwenye mguu wa kulia, akahesabu pumzi, akauhamishia wa kushoto. Kisha akarudi wa kulia, kama mtu anayeomba awe amekosea.

"Mama, mguu huu unawaka," akasema. "Usipite nyumbani. Twende, mimi nafunga."

Hakufunga hata vizuri, alilivuta turubai tu, akanipokea mtoto.

Hospitali walipoifungua ile alama, juu palikuwa pamefunga na chini pamekwisha kuoza. Usaha ulikuwa umeshapita kifundo. Daktari yule yule aliyenikalisha chini zamani alinikalisha tena, lakini safari hii alikaa naye, kwenye ukingo wa kitanda.

Waliukata chini ya goti.

Tukiwa tunangoja pale kwenye korido, mimi na binti yangu na Mama Hapana, kiatu kilikuwa mapajani mwangu. Mama Hapana akakichukua, akatoa kisu chake kidogo cha ngozi, akaifumua bitana. Chini yake, nyuma ya lile ua, palikuwa na mafundo ya uzi. Kila jani la ua lilikuwa limeanzia na kuishia na fundo, na ngozi ilipopata joto la mguu na kulegea, mafundo yakainuka. Yalikuwa yamekaa sawasawa na ule mfupa.

Binti yangu aliyatazama, akaenda kusimama dirishani.

"Wewe ungeyaona," nikamwambia Mama Hapana.

Aliikunja bitana akairudisha mahali pake.

"Hapana," akasema. "Pengine nisingeyaona. Kikiwa kipya ni laini. Labda ningekishtaki kwa soli. Lakini mimi nikisema soli, yule Fundi Chuma angetafuta kosa kubwa zaidi ili anishinde. Angekifumua chote, kwa ubishi tu."

Mzee Gundi alikuja jioni. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, kama mgeni. Chiriku alikuwa macho, anatazama dari. Mzee alisema pole, akasema tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa sijakishika, mama. Nilikiona tu."

Nikamwambia akae.

Kwenye kundi pole zilikuja nyingi. Ya kwanza iliandikwa vizuri, ikamwombea mtoto nafuu, na zilizofuata zote zilikuwa ni ile ile, imenakiliwa hata kosa lake la herufi, pamoja na sura zinazolia. Picha ya kiatu chetu ikaondolewa. Mzee Gundi alitaka kuandika habari ya mafundo, msimamizi akamwomba angoje kikao cha wakubwa. Binti yangu hakungoja. Aliandika mwenyewe, maneno machache: ua lina mafundo ndani, yamemkata mwanangu mguu, anayetengeneza aache. Akakaa na simu mkononi. Ikaja mioyo. Zikaja pole mama, pole sana, Mungu ni mwema. Halafu, kabla hajaiweka simu chini, karakana ya mji mwingine ikaweka kiatu cha buluu, kipya, kina ua, na maneno ya binti yangu yakasukumwa juu mpaka hayakuonekana tena.

Kigutu kilipopona ilibidi atengenezewe mguu wa bandia. Daktari alisema wazi: kigutu nacho hakihisi, na kikipata kidonda kama kile, kukata kutakuwa juu ya goti. Karakana ni ile ile, nyingine hatuna.

Mzee Gundi alitaka safari hii mambo yafanyike kama zamani. Aliomba simu zote ziwekwe kwenye droo, na ya kwake akaiweka ya kwanza. Alikwenda sokoni mwenyewe kumwomba Mama Hapana aje, japo kwa siku moja. Akaja, miwani yake na kamba yake. Mguu wa bandia ulikuwa katikati ya meza, wakauzunguka. Mimi na Chiriku tulikuwa kwenye benchi. Nilijiambia sasa yameisha.

Dada Plasta akatia mkono, akafumba macho. Macho yalikuwa yamevimba, tangu siku ile alikuwa hajaweza kunitazama. Akapapasa muda mrefu. "Mimi sioni kitu," akasema.

"Shtaka ni lazima," akasema Mzee Gundi.

"Sioni, mzee. Naogopa kusema uongo."

Fundi Chuma akapapasa. Akatoa mkono, akautazama kama vile ungemsaidia, akautazama mlango, akaitazama ile droo. "Uko sawa tu," akasema. "Uko sawa."

Ikafika zamu ya Mama Hapana. Aliushika mguu ule kama mkate, akapapasa ndani kuzunguka mdomo wake wote. "Hapana," akasema. "Hapa nyuma pamepanda sana. Akikaa patamkata."

"Sawa, mama," akasema Fundi Chuma haraka. "Tutapunguza."

"Kweli kabisa," akasema Dada Plasta.

"Tutapunguza," akasema Mzee Gundi.

Mama Hapana akawatazama mmoja mmoja. "Nikisema pamepanda, wewe mtu wa chuma si ndiye wa kuniambia wakipunguza mguu utachomoka? Si uniambie?"

"Umesema wewe, mama. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi tangu mwanzo."

"Sikuwa sahihi. Hata mafundo nisingeyaona. Nibishieni."

Hakuna aliyembishia. Walikuwa wanamtazama kwa unyenyekevu, vichwa vimeinama kidogo, wako tayari kukubali lolote atakalosema. Aliugeuza mguu mezani, akagonga soli kwa kidole.

"Basi na hapa mbele pabaya," akasema.

"Sawa, mama."

"Nimesema uongo. Hapa mbele ni pazuri."

Fundi Chuma akafuta uso kwa kiganja. Chiriku akaniegemea. "Bibi," akaninong'oneza, "mbona hawagombani?"

Mzee Gundi akauliza kama kuna mwingine mwenye shtaka. Chumba cha pili mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka. Alisubiri, kwa kweli alisubiri, kisha akaupunguza ule mdomo wa nyuma mahali alipoonyeshwa, akausugua na msasa, akampa Mama Hapana. Mama Hapana akaupapasa tena, peke yake, mara nyingi, akaja nao mpaka kwenye benchi.

"Mvalishe, mama," akaniambia. "Mimi peke yangu sitoshi. Jioni mtazame, na asubuhi mtazame tena. Usitazame tu, weka mgongo wa mkono."

Nikapiga goti nikamvalisha.